Tani 248,663 lakini inazama mita tisa tu: namba za meli za kitalii zisomwe vipi?

Mpenda Vipimo ameuliza:

Wanajukwaa, salamu.

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikijaza jedwali langu mwenyewe la meli kubwa za kitalii, nikipanga urefu, upana, tani, idadi ya abiria na nguvu za mitambo, na kadiri jedwali linavyojaa ndivyo namba zinavyozidi kunigombanisha. Nilianza na Icon of the Seas, iliyojengwa Turku nchini Finland na kuanza safari zake Januari 2024. Nimeandika urefu wa karibu mita 365, sitaha 20, tani 248,663, wafanyakazi 2,350, na kina cha kuzama majini cha zaidi kidogo ya mita 9. Katika safu ya abiria nimekuta namba mbili zinazotofautiana sana, yaani 5,610 na 7,600, na sijui ipi niiandike.

Jambo la kwanza linalonitatiza ni tani hizo. Meli ya kubeba mafuta yenye tani robo milioni, ikijazwa, huzama mita 20 au zaidi. Imekuwaje hii izame mita 9 tu ilhali ina jengo zima la ghorofa mgongoni? La pili ni abiria, kama nilivyosema. La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Nimefika kwenye Oasis of the Seas ya mwaka 2009 nikakuta mashua za uokoaji 18, kila moja ya watu 370, jumla watu 6,660. Lakini meli hiyo ilipoanza kazi iliruhusiwa abiria hadi 6,296, na wafanyakazi walikuwa 2,165, jumla watu 8,461. Nikitoa, watu 1,801 hawana mashua. Ama nimekosea kujumlisha, ama kuna jambo sijalielewa.

Mimi si mhandisi wala baharia, kwa hiyo naomba atakayejibu aende taratibu.

Ngamani amejibu:

Ndugu Mpenda Vipimo, kujumlisha hukukosea. Kilichokupoteza ni neno “tani”, ambalo katika mambo ya meli lina maana zaidi ya moja, na wanaotangaza meli hawajisumbui kueleza wanatumia ipi.

Namba 248,663 si uzito. Ni kile tunachoweza kukiita tani-jumla, ambacho ni kipimo cha nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli: vyumba, ukumbi, jikoni, karakana ya mitambo, matangi na ngazi. Kipimo hiki kinatokana na mkataba wa kimataifa wa upimaji wa meli wa mwaka 1969, ulioanza kutumika mwaka 1982. Unachukua ujazo wa nafasi zote zilizofungwa kwa mita za ujazo, kisha unauzidisha kwa kizidisho ambacho ni 0.2 ukijumlisha 0.02 mara logarithimu (ya msingi wa kumi) ya ujazo huo. Kizidisho hupanda polepole kadiri meli inavyokuwa kubwa, na jibu linalopatikana halina kizio chochote. Si tani wala mita.

Ukitaka kurudi nyuma kutoka 248,663 hadi kwenye ujazo, jaribu mita za ujazo 782,000. Logarithimu yake ni 5.893, izidishe kwa 0.02, jumlisha 0.2, upate takriban 0.318, zidisha tena kwa 782,000 na utaangukia karibu kabisa na namba uliyo nayo. Hapo ndipo utaona kwamba tangazo la meli, likivuliwa madaha yake, linasema tu kwamba ndani ya Icon of the Seas kuna nafasi iliyofungwa ya takriban mita za ujazo 782,000, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni hewa.

Uzito wa meli ni jambo jingine. Huo hupimwa kwa maji ambayo meli inayasukuma kando ili ielee, na unaweza kuukadiria mwenyewe. Chukua Oasis of the Seas: sehemu yake iliyo majini ina urefu wa takriban mita 330, upana wa mita 47, na kina cha mita 9 na ushei. Ingekuwa sanduku lenye pembe nne ingesukuma mita za ujazo 141,000 hivi. Lakini omo, yaani sehemu ya mbele, imechongoka na tezi, yaani sehemu ya nyuma, imekatwa kwa mteremko, kwa hiyo chukua kama sehemu saba kati ya kumi, kisha kumbuka kwamba maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji baridi. Utapata karibu tani 100,000. Meli yenye tani-jumla 225,282 ina uzito wa tani laki moja tu au zaidi kidogo.

Sasa iweke kando ya meli ya mafuta uliyoitaja. Kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa ilikuwa Seawise Giant, ambayo baadaye ilibadilishwa jina mara kadhaa na kuvunjwa nchini India. Tani-jumla zake zilikuwa takriban 260,000, yaani karibu sawa na za Icon. Lakini iliposheheni mafuta uzito wake ulizidi tani 650,000, na ilizama zaidi ya mita 24. Nafasi ya ndani ni ileile. Mmoja kaijaza mafuta, mwenzake kaijaza vitanda, viti na watu wanaotembea.

Msomaji wa Usiku amejibu:

Ngamani, kwa hiyo ile kauli inayorudiwa kila mahali kwamba Icon ni kubwa mara tano kuliko Titanic ni uongo?

Ngamani amejibu:

Si uongo, ila imepimwa kwa mizani mbili tofauti. Titanic ilikuwa na tani 46,328 za rejista ya zamani, ambapo tani moja ilikuwa futi za ujazo 100, sawa na mita za ujazo 2.83, na baadhi ya nafasi zilisamehewa zisihesabiwe. Ukigawanya 248,663 kwa 46,328 unapata tano na zaidi, lakini umegawanya maembe kwa machungwa. Kwa urefu, Titanic ilikuwa na mita 269, hivyo Icon inaizidi kwa kama theluthi tu. Kwa uzito, Titanic ilisukuma tani 52,310 za maji, hivyo meli za leo za ukubwa wa Oasis ni kama maradufu yake. Tofauti kubwa imekwenda juu na pembeni, si mbele. Kwa hiyo mtu akikuambia “mara tano”, muulize mara tano ya nini.

Mpenda Vipimo amejibu:

Nimeelewa, na nimebadilisha kichwa cha safu yangu. Lakini jibu hilo limezaa swali jingine. Ikiwa meli inazama mita 9 tu na juu ya maji imesimama kama mlima, kwa nini upepo mkali hauipindui? Nikiitazama picha ya Oasis kwa mbele naona kama kabati lililowekwa juu ya sahani.

Ngamani amejibu:

Mfano wa kabati ni mzuri, ila kabati lako lina mawe kwenye droo ya chini na makaratasi kwenye droo za juu. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na mjenzi wa meli ya kitalii anaichukua methali hiyo kama ilivyo: kila kizito kirejee ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Injini, jenereta, mafuta, maji ya kunywa, mitambo ya kusafisha majitaka, ghala za vyakula na matangi ya farumi (maji ya kuisawazisha meli) vyote viko chini ya mstari wa maji au karibu nao. Huko juu, bati la chuma huwa jembamba, na katika meli nyingi sehemu za juu kabisa hutengenezwa kwa alumini. Mabwawa ya kuogelea ndiyo yanayomkera mhandisi, kwa sababu ni maji mazito yaliyopandishwa mahali pabaya, tena yanayopenda kuchezacheza. Ndiyo maana huwa na kina kifupi kuliko msafiri anavyotarajia.

Kinachobeba zaidi, hata hivyo, ni upana. Uwezo wa chombo kujirudisha kikilala ubavu hukua kwa haraka sana upana ukiongezwa, kuliko unavyokua kwa kuongeza kina. Hiyo ndiyo sababu meli hizi zimenenepa kuliko zilivyorefuka. Lakini hapa pana mtego: meli iliyo thabiti kupita kiasi hujirudisha kwa mshtuko, ikalala na kuinuka haraka haraka, na abiria wakaugua. Mjenzi hutafuta uthabiti wa kutosha kwa usalama, lakini mpole wa kutosha kwa tumbo la msafiri.

Mrama wenyewe, yaani kule kulala upande huu na huu, hupunguzwa na mapezi mawili au zaidi yanayochomoza ubavuni chini ya maji na kujigeuza kwa kufuata mwendo wa meli, kama bawa la ndege. Mapezi hayo yanahitaji maji yapite kwa kasi ndiyo yafanye kazi, hivyo meli inapokwenda polepole hayana msaada mkubwa, na inapokaribia gati hurudishwa ndani. Tena hayazuii omo kupanda na kushuka. Mawimbi ya mbele hupunguziwa makali kwa urefu wa meli na busara ya nahodha, basi.

Sitaha ya Sita amejibu:

Nichukue swali la abiria, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi katika idara ya vyumba melini, na namba hizo mbili nilikuwa naziona kila safari.

Icon ina vyumba 2,805 vya abiria. Zidisha kwa mbili utapata 5,610. Hiyo ndiyo idadi inayohesabu watu wawili kwa kila chumba, na ndiyo inayotumiwa na kampuni zote kama kipimo cha kawaida. Namba ya 7,600 inahesabu kila kitanda: cha kukunjwa ukutani, kochi linalogeuzwa kitanda, na kitanda cha tatu au cha nne katika chumba cha familia. Kwa sababu hiyo kampuni inaweza kutangaza kwamba meli yake ilijaa kwa zaidi ya asilimia 100 bila kusema uongo wala kumlaza mtu sakafuni. Ni kwamba asilimia imepigwa juu ya ile namba ndogo. Likizo za shule zinapofika, meli husogea kuelekea namba kubwa, na tofauti hiyo utaiona kwenye foleni za chakula kabla ya kuiona kwenye karatasi yoyote.

Kwa jedwali lako, ningeongeza safu moja ambayo kwa maoni yangu inamwambia msafiri mengi kuliko urefu na sitaha zikiwekwa pamoja. Gawanya tani-jumla kwa abiria wa kawaida. Icon inatoa 44.3. Queen Mary 2, yenye tani-jumla 149,215 na abiria 2,691, inatoa 55.4. Meli ndogo ya anasa kama Seven Seas Explorer, yenye tani-jumla 55,254 na abiria 750, inatoa 73.7. Kwa hiyo meli iliyo ndogo zaidi kati ya hizo tatu ndiyo inayompa kila abiria nafasi kubwa zaidi. Sasa rudia hesabu ya Icon kwa abiria 7,600 uone namba inavyoshuka hadi chini ya 33.

Angalizo: kipimo hicho hakijui nafasi imewekwa wapi. Meli yenye ukumbi mkubwa wa maonyesho usiotumika mchana kutwa inaweza kupata namba nzuri huku korido zake zikibana. Vilevile hakihesabu sitaha zilizo wazi, maana tani-jumla hupima nafasi iliyofungwa tu. Meli yenye eneo kubwa la kuotea jua haipati sifa yoyote kwa hilo.

Jambo jingine kuhusu vyumba. Zamani mgawanyo ulikuwa rahisi: chumba cha ndani kisicho na dirisha, chumba chenye dirisha la bahari, chumba chenye roshani, na vile vya hadhi ya juu vyenye sebule. Oasis ilivuruga mpangilio huo, kwa kuwa jengo lake la juu limepasuliwa katikati likawa mabawa mawili yenye bustani iliyo wazi kati yake. Kwa hiyo kuna vyumba vyenye roshani ambavyo havitazami bahari, vinatazama bustani na roshani ya jirani wa upande wa pili. Anayesoma “chumba chenye roshani” kwenye orodha asome na mstari unaofuata.

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Ndugu muulizaji, watu wako 1,801 hawajasahaulika. Nitakueleza kanuni kisha uirudie hesabu yako.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS, hautaki mashua za watu wote kwa meli ya abiria ya safari ndefu. Unataka kila ubavu wa meli uwe na mashua za kutosha nusu ya watu waliomo, lakini unaruhusu sehemu ya mashua hizo ibadilishwe na maboya makubwa ya kujazwa hewa, mradi mashua za kila ubavu zisipungue asilimia 37.5 ya watu wote. Pande mbili zikijumlishwa zinakuwa asilimia 75. Chukua asilimia 75 ya watu 8,461, utapata 6,346 hivi. Mashua zako 18 zinabeba 6,660. Zimetosha na kubaki. Wengine wamewekewa maboya, ambayo hayaonekani kwenye picha kwa kuwa hukaa yamekunjwa ndani ya makasha, na watu huyafikia kwa mirija ya kuteremkia. Juu ya hayo, kanuni inadai maboya ya ziada kwa robo nyingine ya watu wote. Ukijumlisha kila kitu, meli inabeba nafasi za uokoaji kwa asilimia 125.

Utashangaa kwamba jambo hili linarudi moja kwa moja kwenye hoja ya Ngamani kuhusu tani. Mwaka 1912 kanuni za Uingereza zilipanga idadi ya mashua kwa tani za meli, si kwa idadi ya watu, na daraja la juu kabisa liliishia kwenye meli za tani 10,000 na zaidi, ambazo zilitakiwa kuwa na mashua 16. Titanic, yenye tani 46,328, ilibeba 20, kwa hiyo ilizidi matakwa ya sheria. Nafasi zilikuwa 1,178 na watu walikuwa zaidi ya 2,200. Mkataba wa kwanza wa SOLAS uliandikwa 1914 kutokana na msiba huo. Kuhesabu watu kwa kipimo cha ujazo ni kosa ambalo limekwisha kulipiwa.

Kwa nini kila ubavu upewe sehemu yake? Kwa sababu meli ikilala upande mmoja, mashua za upande ulioinuka hung'ang'ania ubavuni na hazishuki vizuri. Hilo lilionekana Januari 2012, Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakafa. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyohiyo na hawajafanya zoezi la kukusanyika, kwani kanuni ya wakati huo iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015 zoezi sharti lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka.

Mashua za watu 370 nazo ni jambo la pekee. Kikomo cha kawaida cha kanuni ni watu 150 kwa mashua. Waliobuni Oasis walilazimika kuthibitisha kwamba mashua kubwa zaidi zina usalama usiopungua ule wa kanuni, kwani kwa mashua za watu 150 wangehitaji zaidi ya 40, na ubavu usingetosha kuzining'iniza. Mashua zote zinatakiwa ziwe zimeshuka majini zikiwa na watu wake ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuiacha meli itolewe.

Hata hivyo, mwelekeo wa sasa ni kumfanya mtu asilazimike kuingia mashuani kabisa. Meli za abiria za urefu wa mita 120 au zaidi zilizojengwa tangu Julai 2010 zinatakiwa ziweze kurudi bandarini kwa nguvu zake zenyewe hata kama moto au maji yameharibu sehemu moja, na ndiyo maana utakuta karakana mbili za injini zilizotenganishwa, pamoja na njia mbili za umeme. Ukipata nafasi, weka safu ya jambo hilo. Linafaa kuliko safu ya idadi ya migahawa.

Fundi Umeme wa Meli amejibu:

Naona safu ya nguvu za mitambo haijaguswa na mtu, wakati hapo ndipo wengi hudhani kwamba injini inazungusha rafadha, yaani pangaboi, moja kwa moja. Katika meli hizi haizungushi. Oasis ina injini sita za dizeli: tatu za kilowati 13,860 na tatu za kilowati 18,480, jumla megawati 97 kwa kukaribia. Kazi ya zote sita ni kuzalisha umeme tu, wa volti 11,000, na meli nzima huchota kutoka hapo kama mji mdogo unavyochota kutoka kwenye mtambo wake.

Kati ya megawati hizo, 60 zinaweza kwenda kwenye rafadha tatu za nyuma, megawati 20 kwa kila moja. Rafadha hizi zinaning'inia nje, chini ya tezi, na mota ya kila moja imo ndani ya ganda lake. Ganda zima linazunguka digrii 360, kwa hiyo meli haina usukani wa ubapa kama wa zamani. Inageuza rafadha yenyewe. Pia rafadha hutazama mbele, ikaivuta meli badala ya kuisukuma, kwa sababu huko mbele ya ganda maji yametulia zaidi. Meli ya kwanza ya kitalii kutumia mfumo huu ilikuwa Elation, mwaka 1998. Omoni Oasis ina rafadha nne nyingine zilizofichwa katika mahandaki yanayopita kutoka ubavu hadi ubavu, megawati 5.5 kila moja, na ndizo zinazoiwezesha kujisogeza kando hadi gatini bila kuvutwa na tagi (chombo kidogo cha kuvutia meli) hali ya hewa ikiwa nzuri.

Kuhusu kasi, meli hizi huandikwa noti 22, yaani maili 22 za bahari kwa saa, sawa na kilomita 41 hivi. Nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi, angalau kwa makadirio ya kazi. Ukishuka kutoka noti 22 hadi 20, umepunguza kasi kwa sehemu moja tu ya kumi na moja, lakini nguvu imeshuka kwa karibu robo. Ndiyo maana ratiba hupangwa meli isafiri usiku kucha polepole. Linganisha na Queen Mary 2, ambayo si ya kitalii kwa asili. Ilijengwa kuvuka Atlantiki ya Kaskazini kwa ratiba, kwa kasi inayokaribia noti 30. Ina tani-jumla pungufu kwa mbali kuliko Oasis, lakini mitambo yake inatoa megawati 117, na ilibidi waongezee tabo mbili za gesi (mitambo inayozungushwa na gesi ya moto) juu ya dizeli nne. Hiyo ndiyo bei ya noti nane za ziada.

Icon inatumia gesi asilia iliyopoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, njia iliyofunguliwa kwa meli za kitalii na AIDAnova mwaka 2018. Gesi hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko dizeli kwa nishati ileile, na tangi lake haliwezi kufinyangwa likafuata umbo la meli. Kwa hiyo sehemu ya tani-jumla zako ni tangi.

Mpenda Vipimo amejibu:

Nawashukuru nyote, hasa Mkaguzi, kwa kunirudishia usingizi. Swali langu la mwisho ni dogo: safu ya urefu kwenda juu niijaze vipi? Sehemu moja wanaandika sitaha, sehemu nyingine mita, na mita zenyewe hazilingani.

Ngamani amejibu:

Sitaha usizitegemee. Meli nyingi huruka namba 13 kwa kuogopa nuksi, hivyo sitaha iliyoandikwa 18 huenda ni ya 17, na wengine huhesabu za abiria tu wakaziacha za wafanyakazi na mitambo. Andika mita juu ya mstari wa maji, kwani nahodha huijali namba hiyo anapopita chini ya daraja. Oasis ina mita 72. Ilipotoka Finland mwaka 2009 ilipaswa kupita chini ya daraja la Great Belt nchini Denmark, lenye nafasi ya mita 65. Dohani zake zilikuwa zimetengenezwa ziweze kushushwa, zikashushwa, na meli ikapita kwa mwendo wa kasi kidogo, kwa kuwa chombo kikikimbia katika maji yasiyo na kina kirefu huzama zaidi. Kati ya meli na daraja ilibaki nafasi isiyotimia mita moja.

Upana nao uandike mara mbili: majini mita 47, juu zaidi ya mita 60, kwa sababu ya yale yanayotokeza. Tofauti hiyo ina maana kwenye Mfereji wa Panama. Milango mipya iliyofunguliwa mwaka 2016 inapokea meli ndefu na pana kiasi cha Oasis ukitazama vipimo vya majini peke yake, lakini hata ukiacha hayo yanayotokeza juu, kwenye lango la Pasifiki kuna Bridge of the Americas, ambalo kikomo chake ni kama mita 58. Hata dohani zikishushwa, bado haipiti.

Mpenda Vipimo amejibu:

Basi jedwali sasa lina tani-jumla, upana mara mbili, abiria mara mbili, nafasi kwa kila abiria, na mita juu ya maji. Safu ya sitaha nimeifuta. Safu ya uzito nimeifungua, na kwa meli ambazo wenyewe hawajautangaza nitautafuta kwa ile hesabu ya sanduku, nikiandika pembeni kwamba ni makadirio yangu.